Mnakuja Dar kwa kikundi? Hoteli ndogo za kulala, kuanzia eneo ninalolipenda zaidi

Marafiki wakiniambia wanakuja Dar es Salaam, wanne au watano, swali lao la kwanza huwa bei ya chumba. Nami huwauliza: asubuhi yake mnaelekea wapi? Jiji hili lina foleni, na kuwatoa watu watano kitandani, bafuni na kwenye chai kwa wakati mmoja ni kazi. Hoteli ikiwa mbali na safari yenu, nafuu ya chumba itaishia kwenye teksi.

Ndiyo maana nawapeleka kwanza Kisutu na mitaa ya jirani katikati ya mji: Libya, Jamhuri, Zanaki. Vyumba vya huku ni vidogo na ukifungua dirisha mara nyingi unatazamana na ukuta wa jengo la pili. Lakini bandari ya boti za Zanzibar mnaifikia kwa miguu, na stesheni ya treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro na Dodoma mwaka 2024, haiko mbali. Jioni mnashuka ngazi tu, mishkaki na kuku wa kuchoma wapo barabarani, mnakula meza moja. Safari moja tulikataa huku tukalala Sinza, tukaokoa 15,000 kwa kila chumba. Boti yetu ilikuwa ya saa moja asubuhi. Mwenzetu mmoja alichelewa kuoga, foleni ikatukamata Magomeni, na tulipofika bandarini boti ilishang'oa nanga. Tuliumia sana.

Kariakoo naiweka ya pili, na kwa wanaokuja kununua bidhaa na kufunga mzigo ni ya kwanza. Hoteli ni nyingi, kwa hiyo bei inazungumzika, hasa mkichukua vyumba vitatu kwa pamoja. Mzigo unapanda chumbani bila kukodi gari, na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kiko hapohapo. Kelele za mikokoteni na spika huanza mapema; ombeni chumba cha nyuma, ghorofa za juu.

Sinza na Mwenge zinawafaa wenye gari lao, au waliokuja harusini kumbi za upande huo. Vyumba vina nafasi, chakula kipo hadi usiku mwingi. Kabla ya kulipa, angalieni kama kuna baa ya ukuta kwa ukuta na hoteli, maana muziki wa Ijumaa hauna huruma.

Mbezi, karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, ni ya mwisho. Laleni huko kama basi lenu linaondoka alfajiri tu.

Popote mtakapochagua, kuna jambo linalowakwaza vikundi vingi: vitanda. Ukisema "double" utapewa kitanda kimoja cha sita kwa sita, na lodge kadhaa hazipokei wanaume wawili kwenye chumba cha namna hiyo. Marafiki hufika usiku, wamechoka, wanalazimika kulipia vyumba vya ziada ambavyo hawakuvipangia. Pigeni simu mapema, semeni wazi mnataka vitanda viwili chumba kimoja, na mseme mko wangapi na jinsia gani. Kila mtu abebe kitambulisho chake, kwa sababu kitabu cha wageni kinajazwa na kila anayelala.

Msitume pesa yote kwa sababu ya picha. Lipeni usiku mmoja, mtu mmoja apande akague: afungue bomba la bafuni, awashe AC na kuisubiri ipoze, ajaribu kitasa cha mlango kwa ndani, aulize kama jenereta inawasha AC au taa peke yake. Mkiridhika, malizieni.

Muda wa kutoka mara nyingi ni saa nne asubuhi. Kama treni yenu ni ya jioni, ulizeni siku mnayoingia kama mabegi yatakaa mapokezi, na nani atakabidhiwa.