Kutuliza ekzosi ya Peugeot 504: kizibo, sailensa ya pili au bomba-tawi?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua njia tatu zinazopatikana hapa Arusha za kutuliza gari la zamani ambalo, baada ya kubadilishiwa ekzosi, limekuwa kero kwa dereva wake na kwa majirani. Gari la majaribio ni Peugeot 504 saluni yenye injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,971. Mmiliki wake wa awali aliliondolea ekzosi ya asili iliyoliwa na kutu, akalifungia bomba la stenlesi la kipenyo cha milimita 50 lenye sailensa moja tu, kule nyuma.

Tuitazame kwanza sailensa hiyo kwa karibu. Ninamulika tochi upande wa mbele, na mwanga unatokea nyuma bila kizuizi, kwa sababu ndani mna bomba moja lililonyooka na kutobolewa matundu madogo, na kati ya bomba hilo na ganda la nje pameshindiliwa pamba ya kioo. Hizi nyuzi nyeupe zilizonasa mdomoni ni pamba ileile inayopulizwa nje kidogo kidogo. Mkiziona kwenye gari lenu, jueni kwamba sailensa inaelekea kubaki ganda tupu, na tafadhali msizishike kwa mikono mitupu kwa sababu zinawasha. Mfumo wa asili ulijengwa kwa namna nyingine: moshi ulipitishwa katika masanduku yenye vyumba na kulazimishwa kugeuka, mawimbi ya sauti yakakutana na kupunguzana kabla hayajafika nje.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha shida yetu. Pamba humeza vizuri milio ya juu, ile inayokwaruza masikio mtu akisimama nyuma ya gari, lakini sauti nzito hupita karibu bila kuguswa. Injini ya silinda nne yenye mapigo manne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 2,700 kwa dakika inatoa milipuko 90 kwa sekunde, yaani hezi 90. Hapo ndipo injini hii inapokuwa ukiendesha kwa gia ya nne, mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida wa barabara ya kwenda Moshi ukishayapita matuta na vibao vya 50 vya Usa River na Kikatiti. Mvumo unajaa ndani ya gari kama ngoma inayopigwa katika chumba kilichofungwa. Aliyekaa nyuma hamsikii aliye mbele, na kabla ya kufika Boma Ng'ombe kichwa kimeshaanza kuuma.

Kuhusu kupima, wengi hutumia programu ya simu, na hilo halina ubaya iwapo mnapima kwa utaratibu uleule kabla na baada ya kazi. Kanuni ya kimataifa ya ISO 5130 huweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, huku injini ikizungushwa kwa kasi maalumu inayotegemea mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Kwa gari hili ni mizunguko 3,750 kwa dakika. Hata hivyo, simu nyingi huonyesha desibeli za kipimo cha A, ambacho hupunguza sauti ya hezi 100 kwa desibeli 19 hivi ili kufuata usikivu wa sikio kwa sauti ndogo. Ndiyo maana simu inaweza kusema gari limetulia wakati abiria anateseka. Programu ikiwa na kipimo cha C, ambacho hakizipunguzi hivyo sauti nzito, tumieni hicho mnapopima ndani ya gari.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni uvujaji. Injini ikiwa ya baridi na gari likiwa mahali pa wazi, mtu mmoja aliwashe, mwingine aukandamize mdomo wa bomba kwa tambara bichi kwa sekunde chache. Sauti ya kufoka mahali popote kati ya manifodi, yaani bomba linalokusanya moshi kwenye injini, na sailensa inaonyesha gasketi iliyokufa au weldi yenye tundu. Tazameni hapa kwenye flanji, yaani maungio ya bomba yanayokazwa kwa boliti: hii alama nyeusi ya masizi iliyotawanyika upande mmoja tu wa boliti ndiyo ushahidi wake. Gasketi hii ilikuwa imeungua, na ilipobadilishwa ile sauti ya kutatarika wakati wa kupanda mlima iliondoka yenyewe. Ninalisisitiza hili pia kwa sababu moshi unaovuja chini ya sakafu una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Bidhaa ya kwanza ni kizibo cha kuchomeka mwishoni mwa bomba na kukazwa kwa boliti moja. Ni rahisi kuliko zote, kinafungwa kwa muda mfupi, na kwa mtu aliyesimama barabarani sauti inapungua kweli. Sikipendekezi hata kidogo. Tundu lake ni la milimita 25 ndani ya bomba la milimita 50, maana yake moshi wote unalazimishwa kupita katika robo ya nafasi iliyokuwepo. Kwenye tambarare huenda usihisi kitu, lakini panda nalo kutoka Himo kwenda Marangu ukiwa na abiria na utaona gari linavyokosa pumzi, joto linarudi kwenye vali za kutolea moshi, na kila tundu dogo la uvujaji linapata msukumo zaidi. Na ule mvumo wa ndani ya gari haukuondoka. Katika jaribio letu ulibaki palepale.

Bidhaa ya pili ni sailensa ya pili, yenye vyumba, iliyochomelewa katikati ya gari mahali ilipokuwa ile ya asili. Hii ndiyo niliyoipenda. Wakati wa kuchagua, bebeni sanduku mkononi: lenye vyumba na ganda la tabaka mbili ni zito, na ukiligonga kwa kifundo cha kidole linatoa sauti iliyokufa, wakati jepesi la bati moja linalia na litaendelea kulia likiwa chini ya gari. Hakikisheni kipenyo cha ndani kinalingana na cha bomba lenu, maana sanduku la milimita 42 kwenye bomba la 50 ni kizibo kingine kilichofichwa. Mafundi wa gereji za Unga Limited wanaifanya kazi hii vizuri, ila mwambieni fundi aache nafasi kati ya bomba na sakafu, na abadilishe raba zote za kuning'inizia, kwa kuwa bomba linalogusa bodi hupeleka mtetemo wote ndani. Matokeo yake nje ni makubwa, na ndani mvumo ulipungua ingawa haukuisha.

Kilichobaki kilimalizwa na bomba-tawi. Hiki ni kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na bomba kuu, kilichochomelewa ubavuni na kuzibwa mwisho. Wimbi la sauti huingia, hugonga kizibo na kurudi likiwa limechelewa nusu wimbi, likutane na linalofuata na kulifuta. Urefu unaotakiwa ni kasi ya sauti ndani ya moshi ule, igawanywe kwa mara nne ya hezi za mvumo. Moshi wa moto huipa sauti kasi kubwa kuliko hewa ya kawaida. Tukichukua mita 470 kwa sekunde na hezi 90, tunapata takribani mita 1.3. Kwa kuwa moshi ulio ndani ya tawi hautembei na hivyo hupoa, urefu halisi hutoka mfupi kidogo, kwa hiyo msikubali fundi achomelee kizibo moja kwa moja. Kifungwe kwa klampu ili kiweze kusogezwa, mkajaribu barabarani, mkasogeza tena, na weldi iwe ya mwisho kabisa.

Udhaifu wa tawi ni kwamba linafuta mvumo wa mwendo mmoja tu, na halisaidii lolote kwa jirani wa Njiro anayeamshwa alfajiri gari likiwashwa. Lilazwe sambamba na bomba kuu, juu ya usawa wa chini kabisa wa ekzosi ili matuta yasiling'oe, na liinamie kuelekea bomba kuu ili maji ya mvuke yasituame ndani na kulioza.

Kwa mwenye fedha za kazi moja tu, nunueni sailensa ya pili. Tawi lifuate pale tu mvumo wa safari ndefu unapobaki. Kazi ikiisha, fundi akague upya mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye kabureta, na baada ya safari ya kwanza ya Moshi, ekzosi ikishapoa, klampu na boliti zote zikazwe tena.