Subaru STI kwa barabara za Dodoma: usukani mkali, kugeuza ni shughuli

Watu wakiiona Impreza WRX STI yangu huuliza mambo mawili: inakula mafuta kiasi gani, na inakimbia kiasi gani. Hakuna anayeuliza inageukaje. Mimi ninayeishi nayo hapa Ilazo, hilo la tatu ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu kukimbia mjini hakupo. Kuna vibao vya 50, kuna matuta, na kuna trafiki na tochi yake chini ya mti. Kugeuza kupo kila siku.

Yangu ni ile hachibeki, bodi ya GRB, iliyoanza kutoka Japani mwishoni mwa 2007. Injini ni lita 2 yenye tabo, nguvu farasi 308, gia sita za mkono, na tairi zote nne zinavuta. Kabla yake nilikuwa na Toyota Mark X, bodi ya GRX120, na hiyo ndiyo nitakayoilinganisha nayo, maana Mark X mtu yeyote wa Dodoma ameshaipanda, hata kama ni ya shemeji.

Nianze na usukani, kwa kuwa hapo STI inastahili sifa zake. Uwiano wa stelingi yake ni takriban 15 kwa 1, yaani ukizungusha usukani nyuzi 15, tairi linakata nyuzi moja. Si uwiano mkali kupita yote. STI zilizokuja baadaye, za kuanzia 2014, ziliteremshwa hadi 13 kwa 1, na namba ikishuka usukani unakuwa mkali zaidi. Lakini wepesi wa kuitikia hautoki kwenye uwiano peke yake. Tairi za kiwandani ni 245/40 za rimu 18, yaani upana milimita 245 na ubavu asilimia 40 tu ya upana huo, mfupi, kwa hiyo ukigusa usukani hakuna mpira mwingi wa kujikunja kabla gari halijaanza kwenda upande. Mark X yangu ilivaa 215/60 za rimu 16. Ilikuwa inakusikia, ila kwanza inafikiri.

Halafu stelingi ya STI ni ya haidroliki, na Subaru waliendelea nayo hivyo kwenye STI mpaka ilipokoma, wakati magari mengi yalishahamia kwenye mota ya umeme. Faida yake utaiona kwenye kipilefti chenye mchanga uliosombwa na mvua. Mikono inajua tairi za mbele zimekanyaga nini kabla macho hayajajua. Hasara yake ni mikono kuchoka ukiwa unapaki, kwani usukani wa gari lililosimama ni mzito kidogo. Mke wangu hilo halimfurahishi, na huwa ananikumbusha.

Mahali pa kuionja ni njia ya Iringa. Ukishavuka bwawa la Mtera, ukaziacha Migoli na Izazi, unaanza kuupanda mlima wa Nyang'oro. Pale kona zinafuatana, nyingine hujui inaishia wapi mpaka umeshaingia. Kwenye Mark X nilikuwa naweka usukani, nasubiri mwili wa gari ulale, halafu nasahihisha. Kwenye STI unaweka mara moja na basi. Huhitaji mwendo wa kutisha kulijua hilo. Hata nyuma ya lori la vitunguu, kwa kilomita 40 kwa saa, utalisikia.

Sasa tuje kwenye uchungu.

Kwa takwimu za kiwandani, nusukipenyo ya kugeuka ya STI ni mita 5.5, maana yake duara zima ni mita 11. Ya Mark X ni mita 5.2, duara la mita 10.4. Na Mark X ndiyo ndefu! Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina milimita 2,850, STI ina 2,625. Mtu ungetegemea gari fupi ligeuke padogo. Nilimsumbua fundi wangu kwa swali hili mpaka akaipandisha STI kwenye jeki tukatazama wote.

Kwenye Mark X ya kuvuta nyuma, tairi za mbele hazina kazi nyingine zaidi ya kuongoza, kwa hiyo zinaweza kukatwa sana. Kwenye STI kila tairi la mbele limeunganishwa na ekseli inayolizungusha, na sivi jointi, ile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachoiruhusu ijikunje huku ikizunguka, ina kikomo cha kujikunja. Ukiilazimisha zaidi inakufa. Juu ya hapo weka tairi pana: la milimita 245 likikatwa sana linaanza kutafuta madigadi ya ndani. Ndiyo maana tairi linasimama mapema, hata kama usukani wenyewe ni mkali. Kuitikia haraka na kugeuka padogo ni vitu viwili tofauti, na magari ya mwendo mara nyingi hupewa cha kwanza, cha pili kikaachwa. Hata magari ya Formula 1, kwa ajili ya ile kona ya kujikunja ya Monaco, hubadilishiwa vifaa vya mbele ili tairi zikate zaidi ya kawaida.

Kuna jingine ambalo kitabu cha gari hakikusisitizii. Hizo mita 5.5 zinapima njia ya tairi la nje. Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli, pua imetokeza, na bampa linafagia nje zaidi ya tairi. Ukuta wa jirani haujali takwimu za tairi.

Kwenye lami ya njia mbili, yenye upana wa mita saba hivi, hakuna kati ya haya mawili litakalogeuka bila rivasi, kwa hiyo hapo ni sare. Tofauti iko kwenye barabara pana za kuelekea Mtumba na kwenye maegesho ya karibu na Soko la Majengo. Sentimita 60 ukizitaja kwa mdomo ni kitu kidogo. Uwe na bajaji mbele, bodaboda ubavuni, na mama wa nyanya amepanga ndoo zake ukingoni, ndipo utajua ukubwa wake. Mark X ilikuwa inapita. STI inarudi rivasi, na bajaji inapiga honi.

Kwa wanaoimiliki, angalieni swichi ya difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Ukiiacha imefungwa halafu ukakata usukani hadi mwisho kwenye lami kavu, gari linajikaza na tairi zinakwaruza, kwa kuwa tairi za mbele na za nyuma zinatembea umbali tofauti na difu haizipi nafasi. Mjini iache kwenye oto, au ifungulie. Pia msiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho. Ule mlio ni pampu ya stelingi inayolalamika, na oili ya stelingi inachemka bure.

Yangu ilikuja na rimu za mtaani na spesa za kuzitoa nje ili gari lionekane limetanuka. Zilikuwa zinakwaruza madigadi kwenye kila kipilefti. Fundi mmoja alishauri tufunge kizuizi ili tairi lisikate sana. Gari la mita 5.5 tulifanye la mita 6? Nilitoa spesa, nikarudisha rimu za kiwandani, na kelele zikaisha. Wale wa kunyanyua gari kwa spesa za juu ya shokapu kwa ajili ya vumbi la Nkuhungu, nawaelewa, njia zile zinakula bampa. Ila kwa gari hili mtakuwa mmepindisha pembe za tai rodi, zile fimbo zinazosukuma tairi kukata kona, na za ekseli, na ule ukali wa usukani mlioulipia utakuwa umekwenda. Kama ni lazima, basi pigeni alaimenti siku hiyohiyo.

Anayetaka kununua STI iliyotumika, asiishie kukanyaga mafuta na kusikiliza tabo. Atafute uwanja mpana, akate usukani hadi mwisho kulia, azunguke taratibu vioo vikiwa chini, kisha kushoto. Ikisikika tak-tak-tak kutoka mbele, sivi jointi inaaga, na bei ishushwe kabla ya maongezi mengine.