Barua za Browning na Barrett: kuzisoma bure na kuziprinti Mtwara

Chuo cha Wellesley cha Marekani na Chuo Kikuu cha Baylor waliziweka intaneti mwaka 2012 barua 573 za washairi wawili wa Uingereza, Robert Browning na Elizabeth Barrett. Zinaanzia Januari 10, 1845 na kuishia Septemba 1846, siku chache baada ya wawili hao kufunga ndoa kwa siri. Hulipii chochote. Kila karatasi imepigwa picha, pamoja na bahasha na mihuri ya posta.

Picha ni nzuri sana lakini ni nzito, na kwa bando dogo zinafunguka kwa kusuasua. Ziache kwa ajili ya kuona hati ya mkono. Kwa kusoma mfululizo, pakua toleo la 1899, juzuu mbili alizozitoa mtoto wao. Halina tena hakimiliki. Chukua faili la picha za kurasa, si maandishi matupu yaliyosomwa na kompyuta, maana waandishi hawa huchomeka Kigiriki kila mara na mashine hukigeuza takataka.

Barua nyingi zina siku ya wiki tu. Tarehe iliyo kwenye mabano ni ya muhuri wa posta, nayo ndiyo ya kufuata: London ya wakati ule barua zilisambazwa mara kadhaa kwa siku, hivyo jibu huweza kuwa la siku ileile. Ukifika Mei 1845 utakuta Elizabeth anajibu jambo usiloliona. Faili halina kasoro. Barua ya Robert baada ya kuonana mara ya kwanza, Mei 20, ilirudishwa kwake akaichoma.

Sehemu ya kusoma polepole ni Juni 1846. Mchoraji Benjamin Robert Haydon alikuwa ameandikiana na Elizabeth kwa miaka bila kuonana uso kwa uso. Urafiki huo ulikolea 1842, Elizabeth alipotunga shairi juu ya picha yake ya mshairi Wordsworth. Haydon, akiwa amezama kwenye madeni, alimpelekea vitu vyake avitunze, kisha Juni 22 akajiua. Barua za siku zilizofuata ni nzito kuliko zote. Hakuna wasifu wa Haydon unaokufikisha karibu hivyo na mshituko ule.

Sasa kuprinti. Steshenari nyingi za Mtwara mjini zitakubali kazi hii, ila usiwaachie faili na kuondoka. Kurasa nne za kitabu huingia kwenye karatasi moja ya A4, mbili kila upande, kwa hiyo juzuu la kurasa 560 linakula karatasi 140. Rimu moja inatosha juzuu zote mbili na kubaki. Agiza mpangilio wa kijitabu, kurasa 20 kwa 20: karatasi tano zinakunjwa pamoja na kushonwa, mafungu 28 kwa juzuu. Wakiprinti kurasa mbili-mbili za kawaida kisha wakakata katikati, ukurasa wa 1 utapata wa 4 mgongoni. Wageuze karatasi kwa upande mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini. Jaribuni fungu moja kwanza.

Kama kushona kunawashinda, wakate A5 na kubaindi kwa spiro ya plastiki. Ya waya ikatae, hasa kwa wakazi wa Shangani na Mikindani; upepo wa chumvi huila, na kutu huchafua kurasa za pembeni.