Fensi ya Mbwa ya Waya wa Ardhini: Miezi Mitatu na Simba, Sikilizeni Huu Mlio

Haya jamani karibuni tena, leo tuko nje uani, na huyu hapa mnamjua, Simba. Mliokuwepo mwanzo wa mwaka mnakumbuka alivyogongwa na bodaboda, mguu ukavunjika, nikasema basi, sitaki kuona tena kitu kama kile. Ukuta siwezi kujenga sasa hivi, kiwanja robo eka, tofali peke yake zinanimaliza, michongoma anapenya, na kumfunga mnyororo kutwa nzima roho inaniuma.

Ndo nikaagiza hii. Na kabla hamjaanza kwenye komenti, hii SIYO ile fensi ya umeme ya juu ya ukuta ya kuzuia wezi. Huu ni waya mwembamba nimeuzika kama vidole vinne chini, umezunguka kiwanja chote ukarudi kwenye kiboksi pale kwenye ukuta wa nyumba, kiboksi kinatuma mawimbi ya redio kwenye waya, kola ya mbwa ikisogelea waya inalia, akizidi kusogea inampiga shoti. Basi. Mambo ya betri sijui waterproof yameandikwa kwenye boksi, sipotezi muda huko.

Ninachotaka mkione ni huu mlio. Njoo na kamera huku. Nimeshika kola usawa wa shingo ya Simba, siyo usawa wa kiuno changu, ukiipima juu utadanganyika. Natembea. Kimya... kimya... bendera ile nyeupe ya kuonyesha mpaka bado kama hatua tatu... tii-tii-tii! Mmesikia? Hapa hajapigwa kitu bado. Narudi hatua moja, imenyamaza. Nikienda mbele, kitaa hiki kidogo nilichobana kwenye yale meno mawili ya chuma ya kola kinawaka, kile pale, hiyo ndo shoti. Niliipima kwenye mkono wangu kabla ya kumvalisha, kwenye kiwango cha chini inashtua kama unapovua sweta la nailoni, ila kile cha juu kabisa sitaki kukisikia tena.

Sasa watu wanakosea hapa na inanikera kweli, wanamvalisha mbwa kola siku ya kwanza wanamwachia, anapigwa shoti hajui imetoka wapi, anaanza kuogopa uani kwake mwenyewe anashinda chini ya gari, halafu wanasema bidhaa mbovu. Mimi wiki nzima ya kwanza shoti nilizima. Kamba mkononi, tunaenda hadi kwenye bendera, ikilia tu "rudi Simba!", namvuta taratibu, akirudi anapata kipande cha ini. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, wiki mbili, ndo nikamfungua kamba. Sasa namvalisha tena, angalieni, narusha mpira nje ya bendera. Haya nenda! Anakimbia, anakimbia... mmeona masikio? Kasikia, kageuka mwenyewe, mpira kauacha! Huyu huyu aliyekuwa anafukuza kila pikipiki! Jamani nilitaka kulia siku ya kwanza alipofanya hivi.

Kuna mtu aliniandikia kwamba ni ukatili, namheshimu, na kweli Wales, kule Uingereza, walipiga marufuku kola za shoti toka 2010. Nimeliwaza sana, na niwaambie ukweli mwezi huu shoti nimeizima tena, pale kwenye kitaa niliiwasha kuwaonyesha tu, mlio unamtosha. Labda siku akimwona paka nitajuta, sijui, lakini kwa sasa inafanya kazi.

Mnaniuliza sana kola za GPS kama Halo na SpotOn, zinazotumia satelaiti bila waya. Mwenye shamba kubwa achukue huko, ila GPS inacheza, inaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja kama changu mita tatu tayari ni barabarani.

Nisichopenda, umeme ukikatika fensi imekufa, nimenunua UPS ndogo, ile betri ya akiba. Ukiona mvua ya radi inakuja chomoa kiboksi mapema kabla haijaanza kupiga, na Simba umwingize ndani. Na mbwa wa nje hawazuiliki, wanaingia kama kawaida maana hawana kola, kwa hiyo chanjo ya kichaa kila mwaka usiiruke. Oh, na kipande cha kutoka ukutani hadi kwenye mzunguko, zile waya mbili zisokote pamoja, mawimbi yanauana, mbwa anapita juu yake bila shida. Fundi wangu hakusokota, siku tatu Simba anagoma kutoka barazani!

Bei, mimi laki nne na nusu pamoja na usafiri, juzi nimeikuta laki sita kwa duka lile lile, kwa laki sita ningesubiri ishuke. Tukifika wafuatiliaji elfu kumi tunaingia live, nitafukua waya mbele yenu niwaonyeshe kuunga ulipokatwa na jembe, kwa hiyo bonyezeni kengele.

Simba njoo. Njoo baba. Hii kola haitakiwi kuzidi masaa kumi shingoni, yale meno yanachimba kidonda chini ya manyoya usikione hadi kimeoza, na leo alivaa toka saa moja asubuhi. Ngoja nimvue.