Münch-4 TTS: Pikipiki Iliyojengwa Kuifuata Injini ya Gari

Kufunga injini ya gari kwenye pikipiki ni kazi ambayo mafundi wengi huianza kwa shauku na kuiacha njiani, kwa kuwa injini yenyewe huingia kwenye fremu siku ya kwanza, kisha matatizo yakaanza siku ya pili: rejeta haina pa kukaa, giaboksi haioani na cheni, na chombo kinakuwa kizito hata kukisukuma uani ni shughuli. Kwa sababu hiyo nilitamani kwa miaka mingi kuikagua Münch-4 TTS, pikipiki ya Kijerumani inayofahamika zaidi kwa jina la Mammut. Hatimaye mzee mmoja wa jimbo la Hessen aliniruhusu kushinda na ya kwake mchana kutwa, nikaishika, nikaichunguza na kuiendesha kilomita chache.

Muundaji wake, Friedel Münch, alikuwa fundi aliyewahi kufanya kazi Horex, kiwanda cha pikipiki cha Ujerumani. Pikipiki ya kwanza ya aina hii aliitengeneza mwaka 1966 kwa ajili ya Jean Murit, Mfaransa aliyewahi kushiriki mashindano, na injini aliyoichagua ni ya gari dogo la NSU Prinz. Uchaguzi huo ndio ninaousifu kuliko yote. Injini hiyo ya silinda nne inapozwa kwa upepo, hivyo haidai maji wala rejeta, na kwa kuwa ndani ya gari ilikaa kwa kukingama, Münch aliikingamisha vilevile kwenye pikipiki, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikawa sambamba na ekseli ya nyuma na nguvu ikafika kwenye cheni bila kupindishwa kona. Ilinganishe na Boss Hoss za Tennessee, Marekani, zinazofungwa injini ya V8 ya Chevrolet: krenki yake imelala kwa urefu wa pikipiki, na ukivuta mafuta ukiwa umesimama, chombo kizima hujivuta upande mmoja. Mammut haina tabia hiyo. Nilivuta mafuta mara kadhaa ikiwa imesimama, nayo ikatulia wima.

Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye gurudumu la nyuma. Miaka kadhaa iliyopita gereji moja ilinifungia injini ya gari dogo kwenye pikipiki yangu ikabakiza rimu ya spoku za kawaida, na kabla ya mwezi kwisha spoku tatu zilikatika nikiwa barabarani. Münch alilikabili tatizo hilohilo kwa kuachana na spoku kabisa. Gurudumu lake ni la kusubu, kipande kimoja cha elektroni, yaani aloi ya magnesi, na mikono yake ni minene kuliko kidole gumba changu. Ukipitisha kiganja unahisi ukwaru wa chuma kilichotoka kwenye kalibu, hakuna kiungo wala mshono. Breki ya mbele, ngoma yenye kipenyo cha milimita 250, aliibuni yeye mwenyewe, na inaushika mwendo vizuri kuliko nilivyotazamia kwa breki ya zama zile.

Injini ya TTS ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,177 na nguvu za farasi 88. Barabarani huna haja ya kuhangaika na gia: ukiwa gia ya nne na mwendo wa polepole, ukifungua mafuta inavuta bila kukoroma wala kusita, kama gari linavyopanda mlima likiwa na abiria mmoja. Kinachochosha ni uzito, kwani ni karibu robo tani, na kwenye kona za mwendo mdogo mabega yanafanya kazi kweli. Tangi ni pana, kwa hiyo mtu mfupi atapata taabu ya kufikisha miguu chini.

Siwezi kumshauri mtu aitafute ya kununua, kwa sababu zilizotengenezwa ni mia tano hivi tu na bei zake sasa ni za wakusanyaji. Ila fundi anayepanga kufunga injini ya gari kwenye pikipiki akiipata mahali ikiwa imeegeshwa, aanze kuitazama nyuma: gurudumu, mkono unaolishika, na njia ya cheni. Injini aiache mwisho.