Founders Online: hazina ya bure, ila usiishie hapo

Niseme mapema ili mwenye haraka asichoke: ukitaka kusoma siasa na vita vya Marekani ilipokuwa taifa changa, kwa maneno ya waliokuwepo wenyewe, sijaona pa kuanzia panapoizidi tovuti ya Founders Online. Haina malipo, haitaki ujisajili, na inafunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye bando dogo. Lakini imeelemea upande mmoja, na asiyelijua hilo atatoka na historia ya mabwana wakubwa tu.

Mimi nafundisha Historia na Serikali hapa Mombasa. Kidato cha nne tunafika kwenye serikali za nchi nyingine, Marekani ikiwemo, na kitabu kinawapa wanafunzi orodha: rais ni amiri jeshi mkuu, Congress, yaani Bunge lao, ndiyo inayotangaza vita, kila mhimili unauchunga mwenzake. Wanaikariri, wanaimwaga kwenye mtihani, wanapata alama zao. Kinachoniuma ni kwamba orodha ile inawafanya wadhani mambo haya yaliteremka yakiwa yamekamilika. Hayakuteremka. Watu waliyabishania, na mara nyingine askari walikufa ndipo yakawekwa sawa. Nilitaka karatasi zenyewe, si maelezo juu ya maelezo.

Founders Online ni ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, kwa ushirikiano na University of Virginia Press, na ilifunguliwa mwaka 2013. Ndani mna hati zaidi ya 180,000: barua, hotuba, shajara na madokezo ya waasisi wa taifa hilo, yaani George Washington, Benjamin Franklin, John Adams, Thomas Jefferson, Alexander Hamilton na James Madison, na baadaye akaongezwa John Jay. Si barua walizoandika tu, zimo na walizoandikiwa, kwa hivyo unapata swali na jibu lake. Unachuja kwa mwandishi, kwa mwandikiwa, kwa tarehe au kwa kipindi cha urais. Chini ya hati nyingi wahariri wameeleza aliyetajwa ni nani na barua iliyotangulia iko wapi. Unabofya, unaifuata.

Nitatoa mfano niliousomesha. Tarehe 4 Novemba 1791, karibu na mto Wabash, jeshi la Jenerali Arthur St. Clair lilivamiwa asubuhi na mapema na wapiganaji wa mataifa ya wenyeji waliokuwa wameungana, wakiongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee. Askari zaidi ya 600 waliuawa. Baraza la Wawakilishi likaunda kamati ya kuchunguza, na kamati ikamtaka Waziri wa Vita, Henry Knox, atoe karatasi zinazohusu msafara ule. Je, Bunge lina haki ya kudai karatasi za serikali? Katiba haikusema. Sasa fungua madokezo ya Jefferson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, ya Machi na Aprili 1792. Rais Washington amewaita mawaziri wake nyumbani kwake Philadelphia. Anawaambia hakubali wala hakatai kwamba Baraza lina haki hiyo, kwani hajapata kulifikiria jambo lenyewe. Ila kwa kuwa hii ni mara ya kwanza na itakuja kufuatwa na wengine, anataka lifanywe sawasawa. Hawakutoa jibu papo hapo. Walikwenda kufikiri, wakarudi, wakaafikiana: Baraza linaweza kuomba, na rais atoe zile ambazo maslahi ya umma yanaruhusu, azuie zile ambazo kuzitoa kutaleta madhara. Karatasi za St. Clair zikaonekana hazina cha kufichwa.

Hayo yote yamo kwenye kurasa chache. Nilipowasomea, kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono: “Mwalimu, kumbe hata Washington alikuwa hajui?” Tangu siku ile “uchungaji wa mihimili” kwa darasa lile si nukta ya kukariri tena. Wanaona chumba, wanaona watu watano wakikuna vichwa.

Mfano wa pili ni wa vita vya 1812, na huu naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha faida ya kusoma barua kabla ya matokeo kujulikana. Congress ilitangaza vita dhidi ya Uingereza mwezi Juni 1812. Kura zilikuwa 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi na 19 kwa 13 katika Seneti, hivyo nchi haikuwa kauli moja hata kidogo. Tarehe 4 Agosti, Jefferson, ambaye wakati huo alikuwa mstaafu anayejikalia shambani kwake Monticello, anamwandikia mhariri wa gazeti William Duane kwamba kuitwaa Canada mwaka huo, mpaka jirani na Quebec, litakuwa jambo la kutembea tu. Tarehe 16 Agosti, Jenerali William Hull akasalimisha Detroit, pamoja na jeshi lake, kwa Waingereza. Siku kumi na mbili! Kitabu cha kiada kitakwambia “Wamarekani walidharau ugumu wa vita.” Barua ile inakupa sauti ya mtu msomi, aliyewahi kuwa rais miaka minane, akiwa na uhakika kamili. Kwa mwanafunzi anayeishi kwenye dunia inayoendelea kutangaziwa vita vyepesi, barua moja kama hii ina uzito kuliko sura nzima.

Sasa upande wenye upungufu. Hati nyingi za miaka ya baadaye bado ni nakala za awali, hazijahakikiwa wala hazina maelezo. Utakutana na jina usilolijua na hakuna wa kukuelekeza. Huoni picha ya karatasi yenyewe, unaona maandishi yaliyopigwa chapa tu. Hilo linasaidia bando, lakini linakunyima mkono wa mwandishi na mikato yake.

Kubwa zaidi ni kwamba hili ni sanduku la watu saba. Sauti za wengine zimo kwa kuwa ziliandikwa kumwendea mmoja wao, na lazima uzitafute. Tafadhali zitafuteni! Tarehe 1 Desemba 1790, wakuu wa Waseneca, moja ya mataifa ya wenyeji, Cornplanter, Half Town na Big Tree, walimhutubia Washington kuhusu ardhi zao. Wanamkumbusha kwamba jeshi lake lilipoingia nchi yao wakati wa vita vya uhuru walimpa jina, Mbomoa Miji, na kwamba hata leo likitajwa wanawake wao hutazama nyuma na kupauka uso, na watoto hukumbatia shingo za mama zao. Nimeisoma hotuba hiyo mara nyingi na bado inanishika. Kuna pia barua ya Benjamin Banneker, mtu mweusi huru na mjuzi wa nyota, ya tarehe 19 Agosti 1791, akimrudishia Jefferson maneno yake mwenyewe ya Tangazo la Uhuru na kumuuliza vipi anayesema watu wote ni sawa anaendelea kuwashika wenzake utumwani. Jibu la Jefferson la 30 Agosti lipo hapo hapo. Ni la adabu, na ni fupi mno.

Ndiyo maana nasema usiishie hapo. Nenda na kwenye Papers of the War Department, mradi wa George Mason University wa nyaraka za Wizara ya Vita za 1784 hadi 1800. Tarehe 8 Novemba 1800 ofisi ya wizara iliungua na karatasi zake zikateketea. Watafiti wakafanya kazi ya miaka: barua iliyotumwa huwa na nakala kwa aliyepokea, basi wakazunguka hifadhi moja baada ya nyingine wakizikusanya nakala hizo mpaka zikapita 40,000. Hapa ndipo utakapokuta vita vya kweli vya kila siku, yaani viatu, mahema, baruti, unga, mishahara iliyochelewa. Si makala ya kusoma kwa starehe. Hati ni picha za mwandiko wa mkono, zinakula bando, na nyingine utazikodolea macho mpaka maji yatoke. Mimi huzifungua saiba, si kwenye simu. Baadhi zimekwisha kunakiliwa na wasomaji wa kujitolea.

Nilipoujua mradi huo nilimkumbuka Muyaka bin Haji wetu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776. Mashairi yake ya mji huu na vita vyake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi moyoni na akayatoa yaandikwe. Laiti na barua za Mombasa ya siku zile zingekusanywa namna hii, bure, kwa yeyote mwenye simu.

American State Papers, majuzuu 38 ya nyaraka za Bunge na serikali ya Marekani yaliyopo kwenye tovuti ya Maktaba ya Congress, ni kwa atakayekwenda mbali. Ripoti ya kamati iliyomchunguza St. Clair imo kwenye majuzuu ya mambo ya kijeshi. Ilimwondolea jenerali lawama, ikazielekeza kwa ucheleweshaji, kwa wasimamizi wa vifaa na wakandarasi, na kwa askari wasio na mafunzo. Kutafuta humo ni taabu, unafungua kurasa moja moja. Kwa mikataba, kama ile ya Morocco ya 1786 na ya Algiers ya 1795, tovuti ya Avalon Project ya Chuo Kikuu cha Yale ni nyepesi na ya haraka, maandishi matupu.

Kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu muhula huu: printi barua ya Jefferson kwa Duane, ukurasa mmoja unatosha, na uiweke pamoja na zile kura za Juni 1812. Waache wanafunzi wabishane kama wangepiga kura ya vita au la. Habari ya Detroit usiwape mpaka kila mmoja ameandika jibu lake.