Baiskeli Yako ya Kwanza ya Umeme, Dar es Salaam: Ipi Uchukue kwa Bajeti Ndogo

Muuzaji atakuonyesha taa, honi, skrini ya rangi na siti laini. Wewe muulize betri. Kwenye baiskeli ya umeme ya bei nafuu, betri peke yake huchukua theluthi hadi nusu ya thamani ya chombo kizima, na ndiyo itakayochoka kwanza. Fremu ikikatika kuna mafundi wa kuchomelea Gerezani, pancha inazibwa kila kona, na kontrola (kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota) ikiungua utahangaika siku mbili tatu upate inayofanana nayo. Betri ikifa na aina yake haipo mjini, umebaki na baiskeli nzito kuliko zote mtaani kwenu. Kwa hiyo mpangilio wangu haufuati sura wala mwendo kasi. Nimejiuliza swali moja kwa kila aina: miaka mitatu kuanzia leo, bado itakupeleka kazini?

Ninayemwandikia ni mtu wa Dar ambaye hajawahi kumiliki baiskeli ya umeme, hana pesa ya pikipiki mpya, na anataka kwenda kazini au kupeleka mizigo midogo bila kugombania daladala.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Kila betri imeandikwa namba mbili, volti (V) na Ah, yaani ampea-saa. Zizidishe upate Wh, yaani wati-saa, ambayo ndiyo ukubwa wa tenki lako. Betri ya 36V 10Ah ni 360 Wh. Ya 48V 13Ah ni 624 Wh. Muuzaji anayesema "hii inatembea kilomita 80" bila kutaja namba hizo, msikilize kwa adabu, kisha igeuze betri usome mwenyewe.

Ukikanyaga kwa wastani huku mota ikikusaidia kwenye barabara tambarare, tegemea kutumia 10 hadi 12 Wh kwa kilomita. Ukiacha kukanyaga na kuzungusha mkono kama bodaboda, hesabu inapanda hadi 18 au 20, na ukipanda kilima au ukibeba mtu inazidi hapo. Mimi napiga 15, halafu naongeza robo ya akiba, maana kuna upepo, kuna matairi yasiyojaa, na betri yenyewe hupungua kila mwaka.

Chukua mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta. Ni kama kilomita 16 kwenda, 32 kwenda na kurudi. Mara 15 ni 480, na ukiweka robo unafika 600. Huyo anahitaji 48V 13Ah, na asikubali kushawishiwa achukue ndogo, kwa sababu asubuhi anateremka na betri imejaa, jioni ndipo anapanda kutoka Ubungo na betri imeshachoka. Kama kazini kuna soketi na bosi hana neno, nusu ya ukubwa huo inamtosha. Mtu wa Sinza anayeishia Kariakoo hana shida hiyo. 36V 10Ah inampeleka na kumrudisha.

Umeme wenyewe ni hela ndogo. Kujaza betri ya 600 Wh kunakula kama uniti 0.7, na kwa tarifa ya kawaida ya nyumbani haifiki shilingi 300. Gharama ya kweli ni betri ya pili, itakayokuja baada ya miaka michache. Anza kuidunduliza mapema.

Namba 1: Baiskeli kamili ya kawaida, betri ya lithiamu, mota kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma

Hii haina mbwembwe, na ndiyo sababu nimeiweka juu. Fremu ya kawaida, matairi ya inchi 26 ambayo utayakuta duka lolote la vipuri vya baiskeli, breki za diski za waya, mota ya wati 250 hadi 350. Ukiishi Goba, Makongo, Pugu au Kimara penyewe, tafuta ya wati 500 yenye betri ya 48V, maana mota ndogo ikilazimishwa kupanda kila siku inachemka. Kwa wa Upanga, Ilala au Mikocheni, wati 250 zinatosha kabisa.

Betri iwe ile inayokaa kwenye bomba la chini la fremu, inayofungwa kwa ufunguo na kuchomoka, na kasha lake liwe la umbo linalotumiwa na watengenezaji wengi. Kasha la aina ya Hailong ndilo limeenea zaidi. Siku betri ikichoka, unaweza kupata nyingine ya kasha hilohilo kwa muuzaji mwingine kabisa, au fundi mwenye mashine ya kuunganisha seli akakupangia mpya ndani ya kasha lako. Betri iliyofichwa ndani ya fremu inapendeza, lakini imekufunga kwa muuzaji mmoja.

Kwenye daraja hili hakikisha pia breki zinakata umeme. Unyanyue usukani au siti ili gurudumu lenye mota lielee, zungusha mkono, kisha bonyeza breki kidogo tu. Mota inatakiwa izime papo hapo, kila upande. Nashangaa duka ngapi zinauza baiskeli ambazo waya huo haujachomekwa.

Mota za habu ziko za aina mbili. Yenye gia ndani ni ndogo, nyepesi, na ikizima baiskeli inateleza vizuri. Isiyo na gia ni kubwa kama sahani, nzito, inakuvuta nyuma umeme ukiisha, ila haina cha kulika ndani. Kwa safari za mjini nachagua yenye gia.

Namba 2: Seti ya mota unayofunga kwenye baiskeli yako

Kwa mwenye baiskeli imara tayari, hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Seti huja na gurudumu lenye mota, kontrola, mkono wa kuzungusha, mishikio ya breki na kihisi cha pedeli. Kwa bei za mitandaoni kutoka China, bila betri, nyingi huangukia kati ya dola 120 na 250 kabla ya usafiri na ushuru.

Neno "bila betri" lisome mara mbili. Betri kubwa za lithiamu zinahesabiwa mzigo hatari kwenye ndege, kwa hiyo kuagiza moja peke yake kwa njia ya haraka ni kazi, na mara nyingi itakuja kwa meli. Tafuta kwanza betri iliyopo hapahapa mjini, ujue volti zake, ndipo uagize seti inayolingana nayo. Watu wengi hufanya kinyume.

Jambo la pili ni baiskeli yenyewe. Phoenix ya inchi 28 yenye breki za vyuma ni mkokoteni mzuri wa mizigo, lakini breki hizo kwenye rimu ya kromu iliyolowa hazisimamishi mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa. Badili breki kabla ya kuongeza mota. Na usifunge mota ya mbele kwenye foku ya alumini: ekseli inaweza kujizungusha, ikapasua foku na gurudumu likatoka ukiwa barabarani. Foku ya chuma, au gurudumu la nyuma, pamoja na kile kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Seti nyingi za bei nafuu hazina kipande hicho. Fundi wa kuchomelea anakikata kwa muda mfupi.

Ningeiweka namba 1 kama kila mnunuzi angekuwa na fundi anayeelewa nyaya. Mgeni wa mambo haya akiunganisha mwenyewe, anaweza kugeuza waya mwekundu na mweusi mara moja tu, na kontrola imekwenda.

Namba 3: Mtumba za Japani

Hizi ndizo ninazozipenda, na ndizo ninazoogopa kuzipendekeza. Yamaha ndiyo iliyoanza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na umeme, PAS, mwaka 1993, na tangu hapo Wajapani wamezitengeneza kwa ajili ya akina mama wanaopeleka watoto shule: kikapu mbele, keria imara, stendi ya miguu miwili, kufuli ya gurudumu. Zikishuka kwenye makontena ya mtumba utaona maandishi ya Yamaha, Panasonic au Bridgestone. Fremu na mota yake ni kazi ya watu wasio na haraka.

Tatizo lake ni betri. Zinatumia volti 25 hivi, zina umbo lao, na betri huwasiliana na mota, hivyo huwezi kuchomeka betri nyingine yoyote ukategemea itakubali. Nyingi zinafika betri imekufa au haipo kabisa, na chaja imebaki Japani. Tena chaja za kule ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila kusoma nyuma yake, umeiaga.

Sheria yao inataka msaada wa mota uishe ukifika kilomita 24 kwa saa, na baiskeli hizi hazina mkono wa kuzungusha, usipokanyaga haziendi. Kwa mtu mzima anayekwenda sokoni au mwalimu anayeishi kilomita nne kutoka shule, hilo ni sawa kabisa. Masharti yangu ni matatu: betri ya asili ipo, chaja yake ipo, na umeipanda kwa angalau nusu saa ukiona mota inasaidia muda wote. Sharti moja likikosekana, nunua kwa bei ya baiskeli ya kawaida ya mtumba na si shilingi zaidi.

Namba 4: Za betri za asidi

Zinafanana na skuta ndogo zenye pedeli za kuchekesha ubavuni. Bei yake inavutia kwa sababu chini ya siti kuna betri nne za asidi, za volti 12 kila moja. Ukikuta pameandikwa 6-DZM-12, hiyo ni 12Ah na kila moja ina uzito wa kilo nne na ushee. 6-DZM-20 inakaribia kilo saba. Zidisha kwa nne. Betri ya lithiamu ya uwezo unaofanana kwenye karatasi na nne za 12Ah ina kilo tatu au nne tu, yote kwa pamoja.

Nasema kwenye karatasi, kwa sababu ya asidi ikivutwa kwa nguvu haitoi yote iliyoandikwa, na ukiimaliza kabisa kila siku unaiua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Haichomoki kirahisi, kwa hiyo aliyepanga ghorofa ya tatu atachajia wapi? Sifa yake moja ni kwamba betri hizo zinapatikana na mafundi wengi wanazijua. Kwa mwenye genge anayezunguka mtaani kwake na kulaza chombo ndani ya ua, inafaa. Kwa wa Kimara, hapana.

Na kwa aina hii, kabla ya kulipa, waulize TRA na trafiki kama chombo hicho hasa kinahitaji namba na leseni. Pedeli za mapambo huenda zisikuokoe barabarani.

Namba 5: Matairi manene, wati 1000, za kuagiza mtandaoni

Picha zake ni nzuri. Tairi la 20 kwa 4.0 likipasuka Mbagala utalitafuta wapi? Zina uzito wa kilo 30 na kitu, betri inaliwa na tairi lenyewe, na umeme ukiisha huwezi kuzikanyaga. Pita.

Siku ya kununua

Nenda na mita ya volti, au fundi mwenye mita. Betri ya lithiamu ya 36V ikijaa inasoma karibu 42. Ya 48V inasoma karibu 54.6. Kisha panda kilima, au abiria akae kwenye keria, uzungushe mkono hadi mwisho ukiangalia skrini. Volti kushuka kidogo ni kawaida. Zikiporomoka sita au saba kwa mkupuo, au mota ikizima na kuwaka, seli zimechoka, hata kama kasha linang'aa.

Garantii ya betri iandikwe kwa miezi, kwenye karatasi, na risiti iwe ya EFD. Omba uone chaja na ulinganishe volti zake na betri. Chaja ya betri nyingine ndiyo njia ya mkato ya kuunguza nyumba. Moto wa betri hizi uliifanya New York kuanzia Septemba 2023 ipige marufuku kuuza zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama vya UL vya Marekani. Hapa stika ya UL au ya EN 15194, kiwango cha Ulaya cha baiskeli za umeme, inaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo usiiamini peke yake. Usichaji ukiwa umelala, na usichajie mlangoni ikiwa mnaishi chumba kimoja, kwa sababu hapo ndipo mtakapotokea. Iache ipoe kwanza baada ya safari ya juani.

Wakati wa masika, mvua ya kawaida haiiui baiskeli yenye IPX4, yaani kinga dhidi ya maji yanayorukia. Maji ya kuvuka, kama yale ya Jangwani yakijaa, yanaiua. Habu ikizama, maji huingia kupitia ekseli na hayatoki.

Bakiza pesa ya kofia ngumu na kufuli mbili, moja ya fremu na moja ya gurudumu lenye mota. Betri ingia nayo ofisini.